Vidoti Tisa vya Bi Shughuli

Niseme mapema, msije mkajichosha kunitafutia sifa: mimi nina wivu. Siyo ule wa mapenzi. Huo ulikuwepo, mwenyewe alipoondoka akaondoka nao. Wivu wangu ni wa kazi. Nikiona mtu amefanya vizuri kitu ninachokipenda, kuna fundo linanikaba hapa kooni, na wakati huo huo najisikia nikimpongeza kwa sauti nyembamba ambayo hata mimi siiamini.

Mchana ninasanifu kadi za harusi, mabango na vibandiko katika duka la uchapaji. Nikirudi nyumbani nachora picha za pikseli, yaani picha zinazojengwa kwa vidoti vya mraba, kimoja kimoja, kama zile za michezo ya kompyuta ya zamani. Mtu mzima, na nguo zake na hasira zake, anatakiwa aenee ndani ya vidoti thelathini na viwili kwenda juu na thelathini na viwili kwenda pembeni. Hapo hakuna nafasi ya porojo. Ukikosea kidoti kimoja cha pua, umempa mtu mafua ya maisha.

Mtu wangu mimi anaitwa Komeo. Ni mlinzi mfupi mwenye kofia ya chuma na mtungo wa funguo kiunoni. Nimemchora kwa miaka saba. Kila ufunguo una kivuli chake. Na katika miaka yote hiyo nilikuwa nimemwonyesha mama peke yake, tena simu nimeishika mwenyewe. Mama akatazama, akasema, "Mzuri. Mbona kanuna?" Sikumwonyesha tena.

Sababu ya kumficha ilikuwa akili mnemba. Mwenzetu mmoja katika kundi letu la wachoraji kwenye simu aliweka mtandaoni sungura wake aliyemhangaikia mwaka mzima. Haukupita mwezi, sungura yule akaonekana kila mahali, katoka kwenye mashine kwa amri ya watu wasiojua hata kuchonga penseli. Masikio yale yale, kaptula ile ile, na vidole sita. Mwenye sungura akienda kulalamika anaulizwa yeye ni nani. Tangu siku hiyo nikaingiwa na wazimu wa kulinda.

Kinga yetu pale kundini tuliiita vumbi. Kuna programu ndogo, unaipa picha yako, nayo inabadilisha rangi za vidoti kadhaa kidogo tu: kahawia inakuwa kahawia nyingine iliyo jirani yake, jicho la mtu halioni kitu, ila mashine ikija kuiga inachanganyikiwa. Kama vumbi lilifanya kazi kweli au tulikuwa tunajifariji, sijui. Mimi nilikuwa mhubiri wake. Niliwafundisha watu kanuni mbili. Ya kwanza, vumbi linabadilisha rangi tu, halihamishi kidoti hata kimoja. Ya pili, kila picha inakuwa na nakala mbili: nakala safi inabaki nyumbani, nakala ya vumbi ndiyo inayotoka nje.

Halafu mdogo wangu akaoa.

Mdogo wangu ni fundi wa majokofu, na tunaishi ua mmoja: mimi na mama nyumba ya mbele, yeye na mkewe vyumba viwili vya nyuma. Wifi yangu ni fundi wa kudarizi. Anadarizi nembo za sare za shule na majina kwenye mashuka ya maharusi. Jioni moja alipita dirishani kwangu na beseni la nguo, akachungulia kioo cha kompyuta, akacheka.

"Wifi, hii si kudarizi tu? Umekosa sindano basi."

"Siyo rahisi hivyo."

"Nifundishe uone."

Nikamfundisha, na kwa moyo mweupe, hilo naliapia. Mtu akikaa peke yake na ufundi wake miaka saba anatamani apate mwanafunzi. Lakini anatamani mwanafunzi wa kiasi, anayekosea kosea, anayeuliza "hivi wewe ulijuaje?" Huyu wangu hakuuliza. Alikaa kwenye kiti changu, akahesabu vidoti kwa midomo kama anavyohesabu mishono, na wiki ya tatu akamtoa Bi Shughuli.

Bi Shughuli ni mama mnene mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Anawahi. Hajulikani anawahi wapi, lakini anawahi. Kisigino cha kiatu kimoja kimelala, gauni limepanda upande, mdomo umepinda kidogo kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Na jicho lake! Jicho ni vidoti viwili tu, kimoja cheupe na kimoja cheusi. Mimi, na kila mtu ninayemjua, kile cheusi tunakiweka mbele, kule anakokwenda mtu. Wifi alikiweka nyuma. Kwa hiyo Bi Shughuli anakimbia mbele huku anaangalia alikotoka, na ukimwona tu unajua kuna mtu anamdai maelezo.

Nilicheka. Nilicheka kabla sijajizuia, na nikiwa bado nacheka lile fundo likapanda.

"Si mbaya," nikasema.

Mama alipomwona alikaa chini. "Huyu ni mimi!" akasema. "Huyu ni mimi kabisa, siku ya kikao!" Akamweka kwenye kioo cha simu yake, mahali ambapo Komeo hakuwahi kukaa kwa sababu nilimkatalia asije akaibiwa. Akamtuma kwa dada zake, kwa wenzake wa kikundi, kwa binamu tuliokuwa hatusemezani nao. Wiki ile ile mwenye duka ninakofanya kazi akaniita kwenye dawati lake, machozi yanamtoka kwa kicheko, akanigeuzia simu.

"Hebu mwone huyu mama!"

"Namfahamu," nikasema, nikarudi kwenye kadi zangu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wifi mwenyewe hakumlinda. Nilimwambia, tena kwa ukali, kwamba picha haitupwi ovyo mtandaoni, mashine zitamla.

"Mwache atembee, wifi," akasema. "Si ndiyo shughuli yake?"

Nikawa namtia vumbi mimi. Kila toleo jipya lilipotoka nililipitisha kwenye programu na kuhifadhi nakala mbili kama kanuni inavyotaka. Ndivyo nilivyoishia kumtazama Bi Shughuli kila siku, miezi mitatu, kuliko nilivyomtazama Komeo. Nilikuwa namkuza mpaka kidoti kimoja kinajaa kioo, natafuta umefichwa wapi huo uhai. Nilijiambia namlinda.

Basi, ofisi moja inayotengeneza michezo ya simu ya watoto ikatangaza inatafuta mhusika wa mchezo wao mpya. Atakayeshinda anaajiriwa kumchora mhusika huyo. Ajira yenyewe, meza yenyewe, jina lako kwenye mchezo. Tangazo nililisoma mara tatu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nane, na nilishachoka kuandika "Karibuni Wote" kwa herufi za dhahabu.

Masharti yalikuwa wazi: lete nakala safi, rangi zisizidi kumi na sita, na kazi ya mashine itatupwa na mwenye kazi atatangazwa. Hizo rangi kumi na sita zina maana yake. Binadamu anayechora vidoti anachagua rangi zake chache na kuzibania. Mashine haijui kubana. Inamwaga rangi mia zinazokaribiana, na ukikuza picha unaziona. Ndivyo waamuzi wanavyozikamata. Sasa angalia balaa: picha iliyochorwa na mashine, na picha iliyotiwa vumbi ili kuikinga na mashine, ukizikuza zinafanana. Hilo sisi wa vumbi tulilijua. Ndiyo maana nakala ya vumbi haiendi kwa mwamuzi hata siku moja.

Nikaamua kumtoa Komeo. Na mdogo wangu naye akamshika mkewe mkono: "Peleka Bi Shughuli, unaogopa nini?" Wifi akasema anapeleka kwa kujifurahisha tu. Kujifurahisha! Mimi nilikuwa sijala vizuri siku nne.

Siku ya mwisho ya kupeleka kazi, wifi alikuwa na nembo mia mbili za sare zinazosubiriwa shuleni. Alikuja mlangoni na uzi mdomoni.

"Wifi, nitumie na yangu. Mimi barua pepe zinanichanganya. Wewe unajua ipi ni ipi."

"Usijali," nikasema.

Nilimtuma Komeo kwanza. Halafu nikafungua jalada la wifi. Nakala mbili zilikuwa zimelala jirani, moja imeandikwa safi, nyingine imeandikwa vumbi. Nikafungua ya vumbi. Vidoti sitini na kimoja vilikuwa vimebadilishwa na programu, karibu vyote kwenye gauni na mkoba. Nikaikuza. Na hata akiwa na vumbi, hata akiwa mkubwa kama dirisha, bado alikuwa anachekesha.

Nikashika kipanya kwa mkono wangu. Kidoti cheusi cha jicho nikakisogeza mbele, cheupe kikaenda nyuma. Hivyo viwili. Pembe ya mdomo nikaishusha ikanyooka, cha tatu. Kisigino kilicholala nikakisimamisha, vidoti viwili. Pindo la gauni lililopanda nikalirudisha chini, vitatu. Na kidole kimoja kilichokuwa kimejitokeza kwenye mpini wa mkoba, kidoti kimoja tu, nikakifuta. Tisa. Sikubahatisha hata kimoja. Kila nilichogusa ndicho kilichokuwa kinaniuma.

Nikahifadhi, nikaambatisha, nikatuma. Mtu akiniuliza ningeweza kusema mkono uliteleza. Mkono haukuteleza.

Majibu yalitoka baada ya siku kumi, saa nne asubuhi, kwenye ukurasa wa ofisi. Komeo alikuwa miongoni mwa wawili waliobaki kushindania ajira. Chini yake kulikuwa na orodha ya waliotupwa, na wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bi Shughuli: "Rangi sabini na tatu. Uso hauna uamuzi wa mchoraji. Kazi ya mashine." Jina la wifi yangu kamili, na la ukoo wetu mwishoni.

Mpaka mchana kundi zima lilikuwa limeshasoma. Watu niliowafundisha mimi vumbi wakamwita mwizi. Mmoja akaandika kwamba kudarizi kwenyewe huenda anadariziwa. Wateja wake wawili wakamtumia ukurasa ule na alama ya kuuliza.

Wifi aliusoma akiwa amesimama uani. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Rangi sabini na tatu? Mimi nilitumia kumi na mbili. Wifi, ulituma ile safi?"

Aliniuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa.

"Nilituma ile safi," nikasema.

"Basi sielewi."

"Na wao binadamu, wanakosea."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini palepale, bila hata kunitazama mara mbili, na nilimkasirikia kwa kuniamini.

Mama alinipa hongera. "Hongera sana, mwanangu," akasema, akanishika bega, na pumzi hiyo hiyo akaendelea, "na huyu mwenzio tumsaidieje?" Hata siku hiyo! Siku yangu moja katika miaka saba, na bado sahani yangu ilibidi igawiwe.

Kesho yake wifi alikuja mchana, akaomba kompyuta. Nilidhani anataka kuchora. Akafungua jalada lake, akachagua kila kitu, akafuta. Kisha akaenda kwenye pipa la takataka la kompyuta, nako akafuta. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Ningeweza kusema neno moja. Nilichosema ni, "Una uhakika?"

"Naona aibu hata kumwangalia," akasema.

Akaondoka, na nakala safi ikaondoka naye. Zilizobaki kwenye simu za watu, hata ya mama, zilikuwa zimeshafinywa na kutumwa mara mia mpaka vidoti vyake vimeyeyukiana, hazifai kitu.

Mdogo wangu ndiye aliyekataa kunyamaza. Alipiga simu ofisini mara tatu, na mara ya tatu akapewa mkuu wa michoro, mama mmoja mwenye sauti kavu. Mama yule akasema rufaa ipo: ikija faili safi yenye rangi kumi na mbili kama anavyodai, mpaka Ijumaa saa kumi jioni, wataiangalia. Ijumaa hiyo hiyo jioni ndiyo wangemchagua mshindi.

Wifi akarudi kwenye kiti changu kumchora upya. Jumatano nzima, Alhamisi nzima. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nasubiri habari za Komeo, kwa hiyo niliona yote. Mkono ule uliokuwa unahesabu vidoti kama mishono ulikuwa umepoteza hesabu. Anaweka, anafuta, anaweka. Bi Shughuli akatoka mnene bila uzito, akawa mama yeyote tu anayesubiri foleni.

Ijumaa saa nane mchana akaachia kipanya.

"Jicho halikai," akasema. "Wifi, nikwambie kitu, usinicheke. Nimeanza kuamini kweli sikumchora mimi. Labda nilimwona mahali nikasahau. Watu wote wale hawawezi kukosea."

Sikucheka. Nilikuwa natafuta ndani yangu ile raha niliyokuwa nimeitegemea, maana niliifanyia kazi, nilistahili nipate japo kidogo. Haikuwepo.

"Ninayo ile ya vumbi," nikasema. "Niliihifadhi mahali pengine. Tunaweza kuifuta vumbi."

Alinigeukia kwa furaha mpaka nikaangalia pembeni. Tukakaa viti viwili, bega kwa bega. Kufuta vumbi si kazi ngumu: unaiamuru kompyuta irudishe kila rangi ngeni kwenye rangi halali iliyo karibu nayo. Nikabonyeza. Vidoti sitini na kimoja vikarudi nyumbani kwa kufumba na kufumbua, na hesabu pembeni ikaandika: rangi kumi na mbili.

Ilikuwa imetosha. Faili ile ingepita rufaa, wifi angesafishwa jina, na asingeshinda kitu, maana yule kwenye kioo alikuwa na jicho mbele, kisigino kimesimama, mdomo umenyooka. Hakuna ambaye angeniuliza. Komeo angekaa mezani kwake na mimi mezani kwangu.

Wifi aliitazama kwa muda mrefu.

"Rangi ndizo," akasema taratibu. "Lakini..." Akasogea karibu na kioo, akarudi nyuma. "Ndivyo alivyokuwa?"

Nikajifanya nasoma ile hesabu ya rangi.

"Kumbe hakuwa mzuri," akasema. "Kumbe nilikuwa namwona mzuri mimi tu. Na mama alikuwa ananionea huruma." Akacheka kidogo, kicheko cha kujikaza. "Tuma basi, wifi. Nikasafishwe jina, nirudi kwenye nembo zangu. Nisiwasumbue tena."

Hapo ndipo niliposhindwa, na naomba msiniite mwema. Sikushindwa kwa huruma. Nilishindwa kwa hasira. Mzuri? Hakuwa mzuri? Nimelala naye kichwani miezi mitatu, amenikosesha usingizi, amenitoa utu wangu, leo mtu aniambie hakuwa mzuri! Mkono ukaenda wenyewe kwenye kipanya.

Nikashika kidoti cheusi cha jicho nikakirudisha nyuma, cheupe nikakileta mbele.

Wifi akavuta pumzi.

Nikapandisha pembe ya mdomo. Nikalaza kisigino, vidoti viwili. Nikapandisha pindo la gauni upande wa kushoto, kimoja, cha pili, cha tatu. Nikafika kwenye mpini wa mkoba, nikaweka kile kidole. Nilifanya yote bila kusita na bila kuangalia popote, kama mtu anayejifunga vifungo vya shati lake. Nilipomaliza nikabonyeza kitufe cha kuitembeza picha kiooni, Bi Shughuli akaanza kutembea. Anawahi, jicho nyuma.

Kule uani mama alikuwa anasuuza vyombo. Nilisikia kila kijiko.

"Ni yeye," wifi akasema. Akanigeukia. Kisha akasema, "Unavijuaje?"

"Nimemwona sana."

"Hata mimi nimemwona sana. Siku mbili nimekaa hapa namtafuta, kisigino sikukikumbuka. Wewe umekwenda kimoja kimoja." Alikuwa ameanza kuhesabu kwa midomo. "Tisa. Wifi, vumbi halihamishi kidoti. Ulinifundisha mwenyewe. Vumbi ni rangi tu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hivi tisa havikuhamishwa na programu."

"Hapana."

"Na ile uliyotuma ofisini?"

"Ndiyo hii. Kabla sijaisafisha."

Nilitegemea makelele. Nilikuwa tayari kwa makelele, kwenye makelele mimi ni bingwa, ningepata pa kushikia na sisi tungemalizana kama wanawake wa nyumba moja. Hakupiga kelele. Alisogeza kiti chake nyuma, taratibu, mpaka mabega yetu yakaachana.

"Mimi nilifuta kila kitu," akasema. "Ulikuwa umesimama hapo nyuma yangu. Na chai yako."

"Ndiyo."

"Nikakwambia naona aibu."

"Uliniambia."

Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na robo. Akachukua simu yake, akatafuta namba ya ofisi ambayo mumewe alimwachia, akaiweka mezani mbele yangu.

"Faili nitaituma mwenyewe," akasema. "Nitajifunza sasa hivi hizo barua pepe. Wewe piga. Weka sauti kubwa nisikie."

Nikapiga. Yule mkuu wa michoro akapokea kwa sauti yake kavu. Nikajitambulisha kwamba mimi ndiye niliyemleta Komeo, akachangamka kidogo, akasema nina subira ndogo, mshindi atatangazwa jioni. Nikamwambia sikupiga kwa ajili ya Komeo. Nikamweleza vumbi, nakala mbili, vidoti sitini na kimoja vya programu na tisa vya mkono wangu. Nikamwambia uso ule aliousema hauna uamuzi wa mchoraji, uamuzi ulikuwepo, niliung'oa mimi.

"Dada," akasema, "nyie ni wa ukoo mmoja. Majina nayaona hapa. Nitajuaje kama hujibebeshi lawama ili umwokoe ndugu yako? Watu wa nyumba moja huwa wanafichiana."

Nilimwangalia wifi. Alikuwa ameshika kipanya, anaambatisha faili, anasoma kila neno kwenye kioo kwa midomo.

"Mwambie kwa nini," akasema bila kugeuka. "Mtu hawezi kujisingizia hicho."

Nikaiinamia simu. Nimeshawahi kutukana watu sokoni, nimewahi kumrudishia bwana pete mbele ya wageni, sauti haikunitetemeka. Pale ilitetemeka.

"Nilimwonea wivu," nikasema.

Nilisubiri aniulize wivu wa nini. Nilikuwa na majibu ya miezi mitatu, nilikuwa na jicho, nilikuwa na mama na simu yake. Hakuuliza. Nilisikia vidole vyake vikigonga herufi upande wa pili, haraka haraka, mtu anayeandika kitu alichokwisha kukiamini.

"Faili imeingia," akasema baada ya muda. Halafu nikasikia kitu ambacho sauti ile kavu haikuonekana kukizoea: alicheka. Alicheka kama nilivyocheka mimi siku ya kwanza, kama mwenye duka alivyocheka. Akajikohoza. "Na Komeo?"

Wifi hakunitazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mikono mapajani, anamwangalia Bi Shughuli akikatiza kioo, anatokea upande wa pili, anakatiza tena.

"Mwondoe," nikasema.

Na niwaambie ukweli, maana nimeshaanza: hata hapo, kazi imekwenda, wifi nimempoteza, simu bado iko mkononi, nilikuwa naona wivu jinsi alivyokuwa anamtazama. Mimi Komeo sikuwahi kumtazama hivyo hata siku moja.